Fundi Aliyetazama Mabeki

Katika miaka tisa niliyofanya kazi jirani naye, sikumwona Fundi hata siku moja akiutazama mpira. Nasema mpira wenyewe, ule wa ngozi. Uwanja mzima pale Bungoma ungeinua shingo kuufuata ulipopigwa juu, naye macho yake yangekuwa upande mwingine kabisa, kwa beki wa kushoto anayerudi kwa kutembea, mikono kiunoni. Tulipofungwa bao, sisi tulimtazama aliyefunga. Yeye alikuwa ameshainamisha kichwa kitambo, kwa sababu alikuwa ameliona likija tangu lilipokuwa kosa dogo tu katikati ya uwanja.

Tulimwita Fundi, basi. Kitale ina mafundi wengi wa nguo, lakini katika safu yetu ya maduka nyuma ya msikiti ukisema Fundi hakuna aliyeuliza yupi. Alishona sare za shule, kanzu, na suruali za wazee wasiotaka mitumba. Mimi nilikuwa nauza mbegu na dawa za mifugo mlango wa pili. Upande wake mwingine alikuwa kinyozi, Mbukusu wa Kimilili, ambaye ulimi wake ulibadilishana r na l bila mpango na ambaye hakujali tulipomcheka. Wa nne alikuwa dalali wa mahindi kutoka eneo la Kwanza, aliyefika mjini siku za soko na kukaa muda mrefu kuliko mahindi yake yalivyohitaji. Baba yangu alihama kutoka mkoa wa kati akaja kulima huko huko Kwanza. Hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo mpira alinifundisha mimi. Nadhani Fundi alinikubali katika mjadala kwa sababu siku ya kwanza nilimuuliza kwa nini timu yetu inaitwa ya mabeki wanne wakati wawili kati yao hawajui njia ya kurudi nyumbani.

Timu yenyewe sina haja ya kuitaja. Ilikuwa ya ligi, wachezaji wa kulipwa, na mechi zake za nyumbani ilizichezea Bungoma. Msimu ninaoukumbuka zaidi ilikuwa inafungwa kila wiki, na mara nyingi bao lilikuja dakika za mwisho, wakati watu wameshaanza kutafuta njia ya kutoka. Ilikuwa karibu kushushwa daraja. Kila Jumatatu asubuhi mjadala ulianza kabla hatujafungua milango vizuri.

Dalali aliamini dawa ni kununua beki mkubwa kutoka nje ya nchi, mtu wa kimo na kifua, awatishe mastraika. Kinyozi alimlaumu kipa. "Kipa anaogopa mpila wa juu," angesema, mashine ya kunyoa ikiwa hewani na mteja akisubiri. "Beki atafanya nini bana, kama nyuma yake kuna mtu amefunga macho?" Mimi nilisema tuongeze beki wa tatu katikati. Fundi alisikiliza akiwa na pini midomoni, kwa hiyo hakuweza kujibu, na sisi tulisahau kwamba hajajibu. Pini zilipokwisha kuingia kwenye kitambaa, alijibu neno lililosemwa robo saa iliyopita, na ilibidi turudi nyuma sote tukumbuke tulikuwa wapi.

Jibu lake lilikuwa lile lile kwa njia nyingi. Alifagia vipande vya nguo pembeni ya meza ya kukatia, akachora kwa chaki ya ufundi mstari wa lango, akapanga vifungo. Vifungo vyeupe vya shati vilikuwa wapinzani, na vinne vyeusi vya koti vilikuwa mabeki wetu. Kisha akasogeza kimoja cheusi mbele kidogo, kidogo tu, na kutuonyesha nafasi iliyobaki nyuma yake. "Hapa pana mlango," alisema. "Mtu mkubwa wa dalali atasimama hapa, na mlango utabaki hapa." Kwake yeye hapakuwa na beki mbovu, palikuwa na mabeki walioachana. Wa kushoto alipanda na hakuna aliyeziba. Wale wa kati kila mmoja alidhani mwenzake amemchukua straika. Na juu ya yote, alisema, hawasemezani. Alikuwa amewasikiliza kutoka nyuma ya lango dakika tisini na hakusikia hata jina moja likiitwa.

Alikuwa na kanuni zake katika mjadala. Hakuruhusu beki atukanwe kwa jina. "Mtaje kwa namba," alisema, "ana mama yake." Straika ungeweza kumsema utakavyo. Alikuwa na msemo wa "kimbia kwanza, ulalamike baadaye," na aliutumia kwa mpira, kwa wateja waliokuja kulalamika pindo limefumuka, hata kwangu siku niliyogombana na mwenye duka nikataka kuacha kazi. Alipompima mtu suruali alikuwa akimkagua kimoyomoyo. Nilimsikia akimwambia karani mmoja wa kanisa, mtu mnene mwenye miguu mifupi, kwamba angekuwa beki mzuri wa kulia, na yule karani alirudi mara mbili kushona suruali ambazo sidhani alizihitaji.

Usifikiri alikuwa mpole. Niliwahi kumwona akimtupia dalali suruali mpya iliyopigwa pasi, kwa sababu dalali alisema ulinzi ni kazi ya watu wasio na kipaji. Suruali ilitua kwenye tope. Fundi aliiokota mwenyewe, akaifua mwenyewe. Kesho yake alimletea dalali chai.

Na kuna mambo yake ambayo hayakupatana. Alihubiri kwamba mabeki lazima waongee, lakini yeye juu ya nafsi yake hakuongea. Wiki nzima alikaa nasi, lakini siku ya mechi alisafiri peke yake kwenda Bungoma, akasimama peke yake nyuma ya lango, mahali ambapo hakuna mtu anayelipa kiingilio anataka kusimama. Nilimfuata mara ya kwanza nikamsalimia. Aliitikia vizuri, akanyamaza, nikaona nimeingia chumbani kwa mtu bila kubisha. Nikarudi kwa wengine. Na aliyetuonya tusimwamini mchezaji anayekata tamaa kabla ya kipenga cha mwisho, yeye mwenyewe aliondoka uwanjani kila mechi zikiwa zimebaki dakika kumi. Tukiwa tunaongoza, tukiwa tumefungwa, aliondoka. Kinyozi alisema anawahi gari. Lakini magari ya Kitale yalikuwepo mpaka magharibi.

Mkewe alikuwa amefariki kabla sijafika katika safu ile. Alikuwa na binti mmoja, aliyekuwa akifanya kazi Uarabuni, na binti alipiga simu Ijumaa baada ya swala. Fundi alifunga nusu ya mlango ili aongee naye kwa faragha, lakini kuta zetu zilikuwa za mbao. Nilimsikia akisema, "Mzima, alhamdulillahi. Wewe?" Kimya. "Hata mimi. Na kazi?" Kimya. "Haya, mama. Mungu akulinde." Kisha alifungua mlango, akakaa kidogo mikono ikiwa juu ya cherehani, halafu aliniita kupitia ukuta kuniuliza kama niliona alivyosimama beki wa kushoto Jumapili iliyopita.

Siku moja ya Jumapili isiyo na mechi nilipita pale nikitoka kanisani. Safu yote ilikuwa imefungwa isipokuwa mlango wake. Alikuwa amekaa kwenye cherehani bila kitambaa, mguu ukikanyaga polepole, sindano ikipanda na kushuka hewani. Nilimuuliza anafanya nini. "Natia mafuta," alisema. Mafuta sikuyaona. Nilisimama pale muda mfupi tukaongea habari za mvua, na nilipoondoka nilisikia cherehani ikianza tena.

Kinyozi ndiye aliyenieleza habari za zamani, siku ambayo Fundi alikuwa ameenda Eldoret kununua vitambaa. Baba yake kinyozi alikuwepo uwanjani. Fundi katika ujana wake alikuwa beki wa kati, namba tano, katika timu ya kampuni moja upande wa Bungoma. Mwenzake, namba nne, alikuwa kijana wa Mabanga. Watu waliwataja pamoja kama uji na kibuyu. Katika mechi ya kuamua nani atapanda kuingia ligi kuu, dakika chache kabla ya mwisho, mpira ulipigwa nyuma yao na straika akachomoka. Fundi alidhani ameotea. Akasimama, akainua mkono, akamgeukia mshika kibendera. Kibendera hakikupanda. Namba nne alikatiza uwanja kutoka upande wa pili, akajirusha mbele ya straika. Mpira ukatoka nje, na mguu wake ukavunjika mahali pawili.

"Timu ilipanda," alisema kinyozi. "Mzee alicheza ligi kuu msimu mmoja, na beki mwingine. Yule wa Mabanga alirudi nyumbani na magongo, hakucheza tena. Halafu mzee akaacha mpila, akashika sindano. Ati hawajaonana tangu siku hiyo. Si unajua ni mwendo wa saa mbili tu?"

Nilipomwona Fundi kesho yake, na mabunda yake ya vitambaa, sikuweza kumtazama sawasawa. Yeye alidhani nimekasirika kwa kuwa hakuniletea kitu kutoka Eldoret.

Mimi ndiye niliyemshawishi aandike barua. Ilikuwa baada ya mechi ambayo tulifungwa mabao mawili katika dakika tatu, na nilisema kwa hasira kwamba vifungo vyake vinafundisha meza tu.  Siku ya pili akaja dukani kwangu na miwani, akasema niandike. Nilichapa kwenye simu huku yeye akitembea kati ya magunia ya mbegu. Ilituchukua siku mbili. Kila nilipoongeza sifa yake, kwamba aliwahi kucheza, kwamba ana uzoefu, aliniambia niifute. Ilibaki barua fupi kwa kocha, inayoeleza nafasi kati ya namba tatu na namba tano, umbali uliopo kati ya mabeki na viungo, na ukimya. Mwisho aliandikisha, "Ni mimi mtazamaji, nyuma ya lango la kaskazini."

Niliituma kwa simu yangu kwa ofisi ya timu, na wiki kadhaa zilipita. Dalali alikuwa ameshaanza kumtania. Kisha simu ikaja: kocha alikuwa amesoma, mzee aje Alhamisi mazoezini.

Aliniomba niende naye, na hilo lilinishangaza.  Njiani alipakata mfuko wa nguo, na nilidhani amebeba vifungo.

Kocha alikuwa kijana mwenye adabu. Alimshika Fundi mkono kwa mikono miwili, akamwambia wachezaji wamechoka, ana dakika kumi na tano. Mabeki wanne waliitwa. Walikuja wakijikokota, mmoja bado ana visikizi masikioni. Fundi alifungua mfuko akatoa lastiki, ile pana ya kiunoni ya sketi za shule, bunda zima. Akamfunga beki wa kulia kiunoni, akahesabu hatua saba, akamfunga namba nne, hatua saba, namba tano, hatua saba, wa kushoto. Aliwafunga kama anavyompima mteja, bila kuwatazama usoni, akikaza fundo na kuligusa mara ya pili kuhakikisha.

"Isikazwe ikakatika," aliwaambia, "wala isilegezwe ikagusa nyasi. Ni hilo tu."

Kisha akamwomba kocha awapigishe viungo mpira kulia na kushoto. Mwanzoni ilikuwa kichekesho. Beki wa kushoto alipanda mbele kama ada yake, lastiki ikamrudisha, akaanguka chali. Viungo walicheka mpaka wakainama. Wale wa kati walivutana, wakatukanana kwa Sheng. Fundi alisimama pembeni, mikono nyuma. Mpira ukaenda kulia, ukarudi kushoto. Dakika zikapita. Halafu namba tano, kapteni, mtu mrefu ambaye mimi msimu mzima sikuwahi kuisikia sauti yake, akapaza sauti: "Sogea! Sogea na mimi!" Na wote wanne wakasogea kwa mara moja, lastiki imenyooka kati yao kama pindo. Wakasogea tena. Kocha akaacha kutazama saa. Fundi alinigeukia kuniuliza kama nimekunywa maji, na nikaona macho yake yamejaa.

Walipokuwa wakifunguliwa, beki wa kushoto alimuuliza, kwa heshima sasa, "Mzee, na ofsaidi? Mkono tunainua saa ngapi?"

Fundi alikuwa akikunja lastiki. Aliendelea kuikunja mpaka ikaisha.

"Mkono si kazi yenu," alisema. "Yuko mtu amepewa kibendera."

Tulipofika stendi ya Bungoma, badala ya kupanda gari la Kitale alisema kuna mahali anataka kupita Mabanga, kama sina haraka. Sikuuliza ni wapi. Tulishuka karibu na chuo cha wakulima, tukatembea, akiuliza njia kwa kutaja jina ambalo nilikuwa nimelisikia mara moja tu kutoka kwa kinyozi.

Namba nne wake wa zamani alikuwa zizini akikamua. Alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, na alipoinuka niliona mguu wake wa kulia ukimchelewesha. Alimtazama Fundi, akaweka ndoo chini, akasema, "Umekuja." Kisha akampigia mkewe kelele aweke chai.

Tulikaa saa nzima. Waliongea juu ya ng'ombe wawili wa maziwa, bei ya chakula cha mifugo, mimi nikaulizwa dawa ya kupe. Waliongea juu ya watoto. Namba nne alitaka kujua kama Kitale bado kuna baridi ile. Mpira haukutajwa. Fundi alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, na mara mbili alivuta pumzi kama mtu anayetaka kuanza, na mara mbili mwenyeji wake akamwongezea chai. Sijui kama alifanya makusudi. Nadhani alifanya makusudi, kwa huruma, akidhani anamwokoa mgeni.

Alitusindikiza mpaka barabarani, akichechemea kando ya Fundi, naye Fundi amepunguza hatua zake ili walingane. Kule barabarani alimshika bega, akamwambia, "Siku nyingine usipotee hivyo. Njoo tena."

Ndani ya gari, baada ya kupita Kimilili, nilimwambia nimefurahi kwamba amepokewa vizuri.

"Nimepokewa vizuri sana," alisema. "Afadhali angenifukuza."

Hakurudi. Nilimkumbusha mara moja au mbili, akasema msimu wa sare za shule ukiisha. Msimu ukaisha ukaja mwingine. Baadaye tulisikia kutoka kwa jamaa wa kinyozi kwamba mzee wa Mabanga amefariki na ameshazikwa. Fundi alifunga duka siku hiyo, na kesho yake akafungua. Ninaandika haya kwa mistari michache kwa sababu na yeye aliyapa nafasi hiyo hiyo. Kitu pekee nilichokiona ni kwamba kwa muda mrefu hakupanga tena vifungo mezani.

Timu lakini ilibadilika. Mechi mbili za kwanza baada ya Alhamisi ile hatukufungwa, na wiki zilizofuata tulifungwa kwa tabu. Ilipofika mechi ya mwisho tulihitaji sare tu ili tubaki. Nilikuwa jukwaani na kinyozi na dalali. Zilipobaki dakika kumi nilimtafuta Fundi nyuma ya lango, nikaona amekwenda. Safari hii nikamfuata. Nilimkuta nje ya ukuta, karibu na mama anayechoma mahindi, amesimama ameupa uwanja mgongo. Tulisimama pamoja tukisikiliza makelele yakipanda na kushuka. Wakati mmoja uwanja mzima ulipiga ukelele, kisha ukanyamaza, na uso wake ukawa wa kijivu. Halafu kipenga kikalia na watu wakaanza kuimba.

"Ngapi?" aliniuliza.

"Hakuna kitu. Tumebaki."

Akashusha pumzi. Ndipo nikamuuliza, kwa kuwa sikuona siku nyingine ya kuuliza, kwa nini huwa hangoji mwisho. Alikuwa akichagua kwa mama yule hindi la kunipa mimi, bichi kidogo ninavyopenda.

"Nikiwa ndani dakika zile," alisema, "mkono unanipanda wenyewe. Watu wananishangaa."

Jumatatu yake dalali alikuja na gazeti. Walimsifu kocha, na walimsifu beki mmoja kutoka nje aliyesajiliwa katikati ya msimu, mtu wa kimo na kifua. Dalali alisoma kwa sauti, akasema si alituambia. Kinyozi alizima mashine yake ili ajibu. Mimi nilimtazama Fundi nikingoja aseme neno, hata moja, juu ya lastiki. Alimwomba dalali amshikie ncha ya kitambaa, akakata.

Kisha mwenye duka alifungua tawi Bungoma akanihamishia huko. Niliahidi kupita mara kwa mara, na nilipita kwanza kila mwezi, halafu kila sikukuu, halafu sikupita. Namlaumu Fundi kwa Mabanga, na mimi Kitale ni mwendo ule ule.

Mwaka jana, wakati wa kuvuna, nilikwenda Kwanza kumwona mama, na nikirudi nikashuka mjini. Duka la Fundi lilikuwa limegeuzwa la simu. Kinyozi alikuwepo bado, nywele zake zimekuwa nyeupe. Aliniambia mzee ana presha ya macho, iligunduliwa imechelewa, na sasa anaona mwanga tu. Yuko katika chumba chake nyuma ya msikiti. Majirani wanampelekea chakula. Binti anataka amchukue lakini kule hakuna ruhusa ya kuishi na mzazi. "Mimi huenda Jumapiri," alisema kinyozi, kisha akainamisha kichwa. "Jumapiri zingine."

Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi kitandani, amevaa shati lililofungwa vifungo vyote mpaka shingoni, na redio ndogo ilikuwa ikitangaza mechi. Niliposema hodi aligeuzia sikio mlangoni.

"Ni binti wa mbegu," alisema. "Kaa. Kuna kiti, mimi sikitumii."

Nilimuuliza hali, akasema alhamdulillahi, mzima, na mimi? Nikasema mzima. Na kazi? Nzuri. Nikasikia mazungumzo yetu yanakaribia kwisha, na nikaogopa. Nikamuuliza nani anacheza. Ilikuwa timu yetu, Bungoma, kipindi cha pili. Sikujua hata kwamba ina mechi siku ile.

"Huyu mtangazaji," alisema Fundi, "anafuata mpira. Mpira umeenda huku, mpira umerudi kule. Tangu nipofuke hakuna mtu aliyeniambia mabeki wako wapi."

Mechi ilikuwa inaonyeshwa pia kwenye mtandao. Nilitoa simu, nikaifungua, nikamwomba azime redio. Picha ilikuwa ya kamera moja, ikitikisika. Nikaanza. Nikamwambia wa kulia amekaa ndani, karibu na namba nne. Nikamwambia namba tano ni kijana mgeni, anaongea sana, ananyoosha mkono kuwaelekeza wenzake. Wa kushoto amepanda.

"Nani ameziba?"

"Kiungo ameshuka."

"Ah," alisema, na akaegemea ukuta.

Nilimweleza hivyo nusu saa. Nilipopotea aliniuliza, hatua ngapi kati yao, wamegeukia wapi, na nikajikuta nahesabu. Mara moja watu wa kwenye simu walipiga kelele kwa sababu tulikuwa tumefunga bao upande ule mwingine, na mimi sikuliona, nilikuwa namtafuta namba nne. Fundi hakuuliza nani amefunga. Zilipobaki dakika kumi nilisita, nikamtazama. Alikuwa amekalia mikono yake yote miwili, ameinama mbele. "Endelea," alisema. Nikaendelea. Mpira mmoja ulipigwa nyuma yao, straika akachomoka, nikamwambia namba tano anakimbia, bado anakimbia, namba nne anakuja, wamefika wote wawili. Umetoka nje.

Kipenga kikalia. Nje ya chumba muadhini alikuwa akikohoa kwenye kipaza sauti kabla ya kuanza. Fundi alitoa mikono chini ya mapaja, akaisugua.

"Sasa wanafanya nini?"

"Nani?"

"Hao wawili wa kati."

Kamera ilikuwa imeshahamia kwa mfungaji na kocha, na nilijua haitarudi kule nyuma.

"Wanatoka uwanjani," nikasema.

"Pamoja?"

"Pamoja," nikasema. "Mmoja amemshika mwenzake bega."